Shaba Imelala

Bushi hamsini za shaba nyeusi nilizifunga kwa gazeti la juzi,
nikazipanga ndani ya ndoo ya rangi iliyokwisha,
nikampa Malimi na pikipiki yake:
"Peleka Nyakato, kwa yule dada anayepima.
Usizigonganishe. Si viazi."

Kiwanda cha pamba hakitaki maneno.
Karatasi yao inasema: kipenyo milimita arobaini,
izidi au ipungue sehemu mbili tu,
ukishaikata milimita moja mara mia.
Unywele wangu, hata huu wa mvi,
ni mnene mara tatu kuliko ruhusa hiyo.
Chini kabisa wameongeza:
asipime aliyetengeneza.

Niliudhika.
Miaka ishirini na sita nakereza Igogo,
nasikia chuma kikilia, najua kimefika.
Baba alipima kwa uzi na mate,
na mashua za Kirumba bado zinakwenda kwa shafti zake.
Lakini kinyozi hajinyoi,
na mashine ya kupimia ni bei ya nyumba,
na nyumba yenyewe sijamaliza kuezeka.
Basi nikakodi macho.

Macho hayo ni ya Nkwimba Bugumba.
Chumba chake kina mapazia mawili, kipimajoto ukutani:
ishirini kamili, kiangazi na masika.
Umeme ukikatika huwasha jenereta kabla ya taa.
Katikati, meza ya jiwe jeusi, limesuguliwa
hata nzi akitua anahesabu miguu kumi na miwili.
"Limetoka wapi?"
"Nje. Kwa meli, kisha kwa lori."
Nikacheka hadi nikashika ukuta.
Mwanza hii, mawe yamepandana mpaka juu ya bati za Mabatini,
mtu ananunua jiwe!
Hakucheka.
"Ya kwetu yamekaa vizuri," akasema, "ila hayajanyooka."

Siku ya kwanza hakupima kitu.
Jioni nikapiga simu. Vipi, tayari?
"Zimelala."
Zimelala nini?
"Zimelala, fundi. Kesho."

Kesho ikaja karatasi yenye muhuri:
thelathini na tisa, ndiyo.
Kumi na moja, hapana.
Nikaibeba mikrometa yangu kama mtu anayekwenda baraza la kata.
"Zote nilizipima kwa mkono wangu! Za mwisho saa nane mchana!"
"Saa nane," akarudia,
kama daktari anayerudia jina la ugonjwa.
"Karakana yako ina dari?"
Ina bati.

Akachukua moja, namba arobaini na tatu,
akaniambia niifumbate, nihesabu hadi mia tatu.
Akapima. Imepita.
Akailaza juu ya jiwe, tukanywa chai,
akaniuliza habari za wanangu,
akapima tena.
Imekataa.

Sikusema. Ningesema nini?
Shaba ilikuwa imevimba kwa jua langu mwenyewe,
nami nikaupima uvimbe nikauandika afya.

Siku hizi naanza kukereza adhana ya alfajiri ikilia,
mchana nanoa visu, nafagia, nadai madeni.
Kila mwezi kwenye daftari, kati ya grisi na kodi,
naandika: macho, shilingi elfu themanini.
Mke wangu alidhani nimeanza kuvaa miwani.

Wiki iliyopita nilitia kwenye ndoo bushi moja zaidi,
ya zamani, niliyoikuta kwenye kopo la misumari la baba.
Nkwimba akapiga simu.
"Hii isiyo na namba, mchoro wake uko wapi?
Bila mchoro sina cha kuilinganisha nacho."
Nikatazama mashine ya kukereza, imezimwa,
vumbi la shaba bado linang'aa kwenye kucha zangu.
"Haina mchoro," nikamwambia.
"Iache tu hapo juu ya jiwe.
Ilale."